Prof na Mahali pa Kuanzia

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na sikuwahi kumwuliza. Katika shule yetu ya Bukavu, iliyojengwa juu ya mteremko mkali kiasi kwamba ukifika langoni huna pumzi ya kumsalimia mtu, tulimwita Prof basi. Walikuwepo maprofesa wengine, wa hisabati, wa Kifaransa, wa dini, lakini hao walikuwa na majina. Ukisema "Prof" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa biolojia, mrefu, mwenye koti jeupe lililochakaa mabegani na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Viatu hivyo vilitushinda. Sisi tulifika tumeshika vyetu mkononi, miguu imejaa udongo wa Kadutu, tukamkuta amesimama mlangoni pa darasa, safi, kana kwamba ameshushwa kwa kamba kutoka juu. Wengine walisema ana jozi nyingine ameificha kwa mama muuza ndizi karibu na lango. Baadaye nilipokuwa mkubwa nilithibitisha kwamba ni kweli.

Hakupenda kelele, hakupenda fimbo, na hakupenda mtu aseme "karibu" anapopaswa kusema "sawasawa". Ukimjibu kwamba moyo uko karibu upande wa kushoto, alikutazama kwa huruma, kama daktari mwenye habari mbaya. "Karibu na wapi?" alikuuliza. "Karibu na Kamanyola?" Darasa lilicheka, maana Kamanyola ni mji mwingine kabisa, nawe ukakaa chini ukiwa umejifunza.

Mwaka mzima alifundisha kama walimu wote: aliandika ubaoni, tukanakili. Lakini lilikuwepo somo moja la mwaka wa sita, wa biolojia na kemia, ambalo wadogo walilisubiri tangu wanaingia shuleni. Tuliliita somo la kuanza.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya mtu ambaye hakukalia mabenchi yetu. Ndani ya chembe hai, maagizo ya kutengeneza protini huletwa na ujumbe mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, U, G na C. Ujumbe huo tunauita ARN mjumbe. Mashine inayousoma inaitwa ribosomu. Inasoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinaagiza kiungo kimoja cha protini. Tabu iko mwanzoni, kwa sababu herufi za mwanzo za ujumbe ni za kupitia tu, si za kusomwa. Mashine lazima ipatafute mahali pa kuanzia, pale zinapofuatana A, U na G. Ikikosea hata kwa herufi moja, makundi yote yanayofuata yanahama, na kinachotoka hakina faida kwa mtu.

Prof hakulifundisha hilo ubaoni. Alitutoa nje, kwenye baraza refu la darasa, akatupanga mstari, kila mmoja amening'iniza kifuani karton yenye herufi yake. Wa kwanza kabisa alivikwa kofia nyekundu ya sufu aliyoifuma mke wake, kwa sababu ARN mjumbe ina kofia kichwani, na hapo ndipo ribosomu inapopandia. Ribosomu yenyewe ni vipande viwili. Kipande kidogo alikuwa mwanafunzi mwembamba kuliko wote. Huyo alimshika mkono mbebaji, aliyebeba beignet moja, yaani andazi, katika sahani. Beignet ndiyo methionini, kiungo ambacho protini huanza nacho. Kandokando yao walitembea wasaidizi wenye utepe mkononi, kama wale vijana wa protokole wanaopokea wageni kwenye harusi zetu. Msafara wote ulipanda pale kwenye kofia, ukashuka mstari polepole, ukichungulia kila karton. Kipande kikubwa kilingoja pembeni, kimekaa juu ya ukuta wa baraza, bila ruhusa ya kusogea.

Mwaka wangu, kipande kikubwa nilikuwa mimi. Mama aliuza maharagwe sokoni, nyumbani tulikula, na mwili nilikuwa nao. Prof aliangalia darasa zima, halafu akaniangalia mimi, na sote tukajua.

"Wewe, mutoto yangu, uko kipande kikubwa," alisema. "Usisikie haya. Bila wewe hakuna protini."

Nilisikia haya hata hivyo. Ila msafara ulipofika kwenye A, U, G, darasa zima likapiga kelele "Hapa!", protokole wakaachia utepe wao wakaenda zao, nami nikaruka kutoka ukutani nikaja kufunga juu ya kipande kidogo, nilisikia furaha ambayo sijui niiandikeje. Mashine ilikuwa imekamilika, na iliyoikamilisha ni mimi. Mbebaji wa pili akaja na sahani yake, beignet ya kwanza ikaunganishwa na ya pili kwa kijiti, na hapo Prof akasema kazi imeanza, mengine ni mazoea. Mwishoni alituambia kwamba methionini ya kwanza mara nyingi hukatwa na kuondolewa baadaye. Alisema hivyo kwa sauti ya kitaalamu kabisa, akaikata ile beignet ya kwanza kutoka kwenye kijiti, akaila.

Somo hilo liliingia vichwani mwetu hata likapita kiasi. Tulipofika kwenye chuo cha ualimu, mwalimu wetu mmoja alisimama mbele na rundo la majibu, amekunja uso. Alitaka kujua ni nani aliyetwambia kwamba kofia ya ARN mjumbe ni nyekundu. Sisi wa shule ile tulitazamana. Tulikuwa tumeandika hivyo karibu wote, kwa moyo safi, kama mtu anavyoandika kwamba damu ni nyekundu. Mpaka leo nikisoma kuhusu jambo hilo kwenye kitabu chochote, kofia ninayoiona ni ya sufu, tena imechanika kidogo upande wa sikio.

Kuhusu kuanza vibaya, Prof hakuwa na msamaha, ila ukali wake ulikuwa wa ajabu: hakukuzuia. Mwaka wetu, katika mzunguko wa kwanza, kipande kidogo alikuwa kijana mmoja wa Luhwindja, mwenye kiburi cha kupendeza, ambaye aliruka herufi moja kwa haraka zake akatangaza "Hapa!" kwenye U, G na herufi inayofuata. Sisi wengine tulifungua midomo kumsahihisha. Prof akainua kidole, tukanyamaza. Akamwacha asome. Kijana akasoma tatu tatu, akiita viungo kutoka kwenye jedwali, viungo visivyofanana na chochote tulichotarajia, mpaka akagonga herufi zinazoagiza kusimama wakati mstari haujafika hata nusu. Akasimama pale katikati ya baraza na mbebaji wake.

"Sasa umetengeneza nini?" Prof akamwuliza.

"Sijue, Prof."

"Na chembe haijue. Rudia kwa kofia."

Hakumwambia neno lingine, wala hakupunguza alama. Kijana yule sasa ni daktari Uvira, na ameniambia kwamba kila anapoanza kuandika dawa kwa mgonjwa, anaikagua herufi ya kwanza ya jina la dawa mara mbili.

Ungedhani basi kwamba mtu wa namna hiyo alianza kila kitu chake vizuri. Wapi! Nje ya darasa, Prof hakuwa na mwanzo hata mmoja uliosimama. Kanisani aliingia wakati watu wanatoa sadaka, akakaa mbele kabisa bila aibu. Vitabu alivifungua katikati. Nyimbo za Kimashi alizianza kwenye kiitikio, akangoja wengine watafute ubeti. Alinunua milango ya nyumba kabla ya kupata kiwanja, mizuri, ya mbao nzito, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, ikakaa hapo miaka, wageni wakipita katikati yake kwa ubavu. Mke wake, tuliyemwita Maman Prof, aliitumia kuanika nguo.

Wala hakukubali kwamba amekosea, kamwe. Alitupeleka mara moja matembezi ya mimea milimani, njia ya kuelekea Bunyakiri, akashika kijia cha upande usio sahihi. Mwanamke mmoja aliyebeba makaa alituambia waziwazi kwamba huko hakuna kitu. Prof alimshukuru kwa heshima zote, akaendelea. Tulitembea mpaka njia yenyewe ikakata tamaa kabla yetu. Kisha tukarudi, jua likiwa limeinama, na basi la kukodi likiwa limekasirika. Mmoja wetu alithubutu kusema tulipotea.

"Hatukupotea," Prof alijibu. "Tumeona mimea yenye benzenu hawajaona."

Ninasema haya kwa kicheko, lakini nilimpenda, na sababu si somo la baraza peke yake. Mwaka wangu kulikuwa na msichana wa Bunyakiri aliyeenda kwao likizo akashindwa kurudi, njia ikiwa imefungwa. Aliporejea, somo la kuanza lilikuwa limeshapita na sote tulikuwa tumeshalisherehekea. Wakati wa mapumziko nilipita barazani nikamkuta Prof yuko na yeye peke yake. Zile karton za herufi alikuwa amezitundika zote kwenye misumari ya ukutani, kofia ya sufu ikiwa kwenye msumari wa kwanza, na msichana anatembea taratibu na sahani mkononi. Prof alikuwa kipande kidogo, na kikubwa, na protokole, vyote yeye. Alipoona nasimama nikishangaa, alinifukuza.

Nilipomaliza chuo nilirudi kufundisha shuleni palepale. Prof alinipa vitu kwa mkono mkunjufu: darasa la tatu, la nne, chembe, urithi, mmeng'enyo wa chakula, darubini isiyo na kioo. Darasa la sita alibaki nalo. Mbele za wanafunzi aliniita Madame, chumbani mwa walimu aliniita mutoto yangu, na kila mapumziko tulikunywa chai pamoja, yeye akianza na mkate, akimaliza na sukari.

Tulivurugana kwa sababu ya herufi tatu. Kile alichowafundisha wote, na sisi tulichokipigia kelele barazani, ni kwamba ribosomu huanza kwenye A, U, G ya kwanza inayokutana nayo. "Ya kwanza, siku zote," alisema, na tulimwitikia. Lakini siyo siku zote. Nilijifunza chuoni, nikasoma tena baadaye, nikahakikisha. Herufi za jirani zina neno. Kama herufi iliyo ya tatu nyuma ya ile A ni A au G, na ile inayofuata mara baada ya G ni G nyingine, mahali hapo pana nguvu, na mashine inasimama. Majirani wakiwa wengine, mahali ni dhaifu: baadhi ya mashine zinasimama, na baadhi zinapita, zinakwenda kuanza kwenye A, U, G ya mbele. Kwa njia hiyo ujumbe mmoja unaweza kutoa protini mbili, na chembe inaweza kuwa inazihitaji zote.

Nilimwambia tukinywa chai, kwa uchangamfu, kama mtu anayeleta habari njema nyumbani. Aliweka kikombe chini.

"Ribosomu haiko na macho," alisema. "Inakutana na ya kwanza, inaanza. Siku zote."

"Prof, si kuchagua kwa macho. Ni majirani wanaifanya isimame ao ipite."

"Asante kwa maelezo, Collègue."

Collègue, yaani mwenzake wa kazi! Hapo nilijua mambo yameharibika. Hakuacha kunisalimia. Aliendelea kunisalimia vizuri sana, kwa jina la kazi, kila asubuhi, na chai akaanza kunywa akiwa amesimama dirishani. Nilichukia zaidi kuliko kama angenitukana.

Siku moja ya mvua kubwa, wanafunzi wachache tu walipofika, alikuja mwenyewe kwenye darasa langu tupu, akakaa benchi la mbele, magoti yakimfika kifuani. Alizungumza huku akiangalia ubao.

"Mutoto wa Bukavu anaona nini? Masomo inaanza wamechelewa. Mukutano inaanza batu wamesha kuchoka. Barabara inaanza, inaachwa. Kila kitu chenye anaona kinaanzia pasipo pake. Miaka yote mimi nilitaka wajue kitu kimoja tu, ndani ya mwili yabo benyewe, yenye inaanza pale inapashwa kuanza. Ya kwanza. Siku zote. Njo ile unataka kuniondolea?"

Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, kwa sababu nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kweli, na kweli hairudishwi mfukoni. Mvua ilipopungua alisimama, akafuta viatu kwa kitambaa, akatoka.

Kisha ikafika zamu yake ya kustaafu. Huku kwetu hakuna anayeacha kazi bila ile sherehe ya kukabidhiana tunayoiita remise et reprise. Hata mlinzi wa lango akibadilishwa, watu hukusanyika, wa zamani humwonyesha mpya kila kufuli, na Fanta zinafunguliwa. Walimu wengine walikabidhi funguo na vitabu. Prof alisema yeye hana cha kukabidhi isipokuwa somo moja. Atakayepokea darasa la sita alifundishe somo la kuanza mbele yake, pale barazani, naye akiridhika atamwambia prefe, mkuu wetu wa shule, "nimekabidhi." Asiporidhika, kuna Monsieur mmoja wa Bagira ambaye ameomba nafasi. Prefe alikubali bila ubishi. Naye alikuwa mwanafunzi wake, aliwahi kuvaa ile kofia, na mbele ya Prof hakuwa prefe hata kidogo.

Sitaficha: nililitaka darasa lile kuliko kitu chochote kazini. Tena sikulitaka kwa amri ya prefe, nililitaka kwa mdomo wake yeye. Ningeweza kupanga mstari wenye A, U, G moja tu, kila mtu apige kelele, Prof atabasamu, na mwaka unaofuata nifundishe ninavyojua. Wenzangu walinishauri hivyo. Mmoja aliniambia, "Mupe muzee siku yake, halafu ufanye yako." Niliwaza jambo hilo kwa uzito. Kilichonizuia ni kwamba ni yeye aliyenifundisha kutosema karibu mahali pa sawasawa.

Kwa hiyo nilikwenda kwake kumwambia uso kwa uso, kabla ya siku yenyewe. Alikuwa ameshahamia Panzi, kwenye nyumba yake hatimaye, na ile milango imepachikwa kila mmoja mahali pake. Mguu ulikuwa umeanza kumsumbua. Alikaa ameuweka juu ya kigoda. Maman Prof alituletea chai na dagaa wa kukaanga tunaowaita sambaza, akakaa kumenya viazi palepale, hakujifanya kwamba hasikilizi.

Nilisema, "Prof, siku ile nitapanga AUG mbili. Ya kwanza itakuwa na majirani wabaya. Sipendi ushitukie pale mbele ya batoto."

"Basi utafundisha mbele ya mutu mwenye hakubali," akasema.

"Njo vile, Prof."

"Na darasa utaikosa."

"Nitaikosa."

Maman Prof aliweka kisu chini. "Mambo gani hiyo munagombania? AUG ni kitu gani?"

Nikamweleza kwa ufupi: mashine inatembea, inatafuta mahali pa kuanzia, Prof anasema lazima ya kwanza, mimi nasema wakati mwingine ya kwanza inapitwa. Maman Prof alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, mabega yakitikisika, kiazi mkononi.

"Papa, uko na bongo, unadanganya!" alimwambia mume wake. "Yule binti wa Kamanyola, si njo alikuwa wa kwanza? Ulienda kwabo, uliona bandugu zake, ukapita. Mimi niko ya pili. Na batoto hawa wote, ni protini ya nani?"

"Hiyo si biolojia," Prof alisema.

"Ah! Si biolojia!" Maman Prof alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Kunywa chai yako, mwanangu. Inapoa."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Prof hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye mlango, akichechemea, akaniambia nimsalimie mama yangu, na akaniita Collègue.

Siku ya kukabidhiana mvua ilinyesha tangu alfajiri. Prefe alifika na suti, walimu wakaketi kwenye viti vya plastiki, wanafunzi wa sita wakajipanga barazani huku bati likipiga kelele juu yao. Prof alichelewa, kama kanisani. Tulimsubiri. Akatokea kwenye ngazi na mwavuli, viatu vimejaa matope kwa mara ya kwanza tangu nimjue, maana kwa mguu ule hakuweza kupita kwa mama wa ndizi. Akakaa kwenye kiti cha mwisho, akaweka mwavuli kati ya magoti.

Nikaanza. Nilieleza kofia, msafara, protokole, kipande kikubwa kinachongoja ukutani. Nilieleza majirani: tatu nyuma, moja mbele. Niliwaonyesha A, U, G ya kwanza, yenye U nafasi ya tatu nyuma yake na C mara baada yake, nikawaambia kwamba mahali hapa baadhi ya mashine zitasimama na nyingi zitapita, na kwamba kupita huku si vurugu. Ni utaratibu, ila ni utaratibu unaosikiliza waliokaa jirani. Nilisema hivyo nikimwangalia yeye, si wanafunzi. Uso wake haukunipa kitu.

Halafu nikagundua kwamba kipande kidogo hayupo. Kijana niliyemchagua alikuwa anaishi ng'ambo ya bonde, na mvua ilikuwa imebomoa daraja la miti wanalopitia. Mbebaji, msichana mfupi mwenye sahani yake ya beignet, alikuwa amesimama peke yake kwenye kofia, hana wa kumshika mkono. Nilitazama mstari nikitafuta mwembamba mwingine.

"Acha," Prof alisema. Alimpa prefe mwavuli aushike. "Kipande kidogo niko mimi."

Hakuna aliyecheka. Alitembea taratibu hadi mwanzo wa mstari, mguu mmoja ukivuta, akamshika yule msichana mkono, akawainamishia prefe na walimu kichwa kidogo kama mtu anayeingia kazini. Kisha akaanza kushuka. Alisoma kila karton, hakuruka hata moja, ingawa alizijua zote. Nilijua akifika pale, kama ataita, darasa zima litapiga kelele pamoja naye, kwa sababu kaka na dada zao waliwafundisha kelele hiyo nyumbani kabla hawajajua herufi, na maelezo yangu yote yataishia hapo.

Akafika kwenye A. Akafika kwenye U. Akafika kwenye G, akasimama. Niliona midomo ya wanafunzi inafunguka. Mvua ilikuwa nyingi, tukasikia bati tu.

Prof aligeuka nyuma, akahesabu kwa kidole. "Wewe, uko herufi gani?"

"U, Prof."

Akageukia mbele. "Na wewe?"

"C, Prof."

Alibaki amesimama. Aliwaangalia wale watatu waliovaa A, U na G, mmoja mmoja, kwa muda mrefu, nami nikaona kwamba anawaangalia kama mtu anayeaga. Msichana mwenye sahani akamvuta mkono, akamnong'oneza kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Prof, si ni hapa? Ya kwanza si ni hii?"

"Naiona, mutoto yangu," Prof akasema. "Tupite."